Michezo ya Mezani ya Laki Tano: Power Grid, Brass na 1830 kwa Meza ya Mtwara

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayowakimbiza wengi. Boksi la Brass: Birmingham, mchezo wa mezani wa uchumi, huko nje huuzwa kama dola 80. Chukulia usafirishaji ni dola 60, kwa sababu ni boksi zito na wasafirishaji hutoza kwa kilo au kwa ukubwa, chochote kinachowapa zaidi. Umefika 140. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, yaani dola 35, jumla 175. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya hiyo 175, siyo juu ya ile 80, na hapo ndipo waagizaji wa mara ya kwanza hushtuka: ni dola 31.5 nyingine. Jumla kuu 206.5. Dola ikiwa shilingi 2,500, umetoa 516,250, na bado hujamlipa wakala wa Dar es Salaam, tozo ndogondogo za forodha, wala nauli ya mzigo kwenye basi la kuja Mtwara.

Je, inalipa? Inalipa ukiwa na watu wanne wale wale, siku ile ile, angalau mara kumi. Meza ya watu wanne kwa saa tatu, mara kumi, ni saa 120 za watu. Laki tano na ushee ikigawanywa humo ni kama shilingi 4,300 kwa saa ya mtu mmoja. Ukiucheza mara mbili halafu ukaupandisha juu ya kabati, saa hiyo hiyo imekugharimu 21,500. Na michezo hii ina tabia mbaya: mara ya kwanza haifurahishi. Mara ya kwanza mnapigana na kitabu cha sheria, mara ya pili mnaona makosa yenu, na mchezo wenyewe unaanza mara ya tatu. Asiye na uhakika wa mara ya tatu asiagize.

Watu wa pwani ya kusini hawahitaji kufundishwa mchezo mzito ni nini. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kuna namua (kuingiza kete za mkononi), kisha kuna mtaji (kucheza zilizo ubaoni tu), na mtu anaweza kucheza miaka kumi barazani Mikindani bila kumfunga fundi. Tofauti ni namna ya kujifunza. Bao hujifunzwa kwa kutazama. Michezo ya uchumi ya mezani haijifunzwi hivyo, kwa sababu sheria zake nyingi hazionekani ubaoni. Lazima mtu mmoja asome kitabu chote nyumbani, apange mchezo peke yake mezani, acheze raundi mbili akiwa wachezaji watatu wa kubuni, ndipo awaite wenzake. Kundi lisilo na mtu huyo halitacheza, hata likipewa boksi bure.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji ni lugha. Michezo hii haina toleo la Kiswahili, kwa hiyo swali si kama kitabu ni cha Kiingereza, bali Kiingereza kiko wapi. Kikiwa kwenye kitabu tu, msomaji mmoja anatosha. Kikiwa kwenye kadi ambazo kila mtu anashika na kuwaficha wenzake, kila mchezaji lazima asome mwenyewe, na anayeuliza maana ya kadi yake ameshaitoa siri. Mchezo wa Terraforming Mars una kadi 208 za miradi, karibu kila moja na maandishi yake. Power Grid ina namba na picha. Brass ina majina ya miji na alama za viwanda. Kwa meza iliyochanganya mwalimu, fundi bodaboda na muuza samaki wa Feri, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya bei.

Kwa sababu hiyo, anzeni na Power Grid. Ni kazi ya Mjerumani Friedemann Friese, ya mwaka 2004, wachezaji 2 hadi 6, saa mbili hadi mbili na nusu mkishauzoea. Kila mmoja ni kampuni ya umeme. Raundi ina sehemu tano: kupanga foleni, mnada wa mitambo, kununua nishati, kujenga mijini, kulipwa. Mtambo hunadiwa kuanzia namba iliyoandikwa kwenye kadi yake. Kila mtu hununua mmoja tu kwa raundi na hamiliki zaidi ya mitatu, isipokuwa mkiwa wawili, hapo ni minne.

Mnada hauhitaji maelezo huku. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, bei ya mnada wa vyama vya ushirika vya MAMCU au TANECU huzungumzwa hadi ndani ya bajaji. Ila kwenye korosho wanunuzi walizoea kuandika bei na kuitumbukiza sandukuni, na siku hizi mnada hupita kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Kwenye Power Grid bei hupandishwa kwa mdomo, macho kwa macho, na mtu hulipa 31 kwa mtambo wa 20 kwa sababu tu hakutaka jirani aupate. Jirani naye alikuwa hautaki.

Ubora wa mchezo umo kwenye foleni. Aliye mbele kwa idadi ya miji huanza mnada, lakini hununua nishati na kujenga akiwa wa mwisho. Soko la nishati hupanda kadiri linavyonunuliwa: mwanzoni makaa ya mawe yako kwenye 1, mafuta 3, taka 7, urani 14. Wakifika watatu kabla yako, makaa ya 1 unayakuta kwenye 4. Ndiyo maana wazoefu hujificha mkiani hadi raundi mbili za mwisho, na mgeni anayekimbia mbele akishangilia huishiwa pesa katikati ya mchezo bila kujua kwa nini. (Jambo la kuchekesha kwa anayeishi njia ya Msimbati, kwenye gesi asilia: mchezo wa msingi una makaa, mafuta, taka na urani. Gesi haimo.)

Malipo nayo yanafundisha kitu. Ukiwasha mji mmoja unapata 22, miwili 33, mitatu 44. Kumi ni 105. Ishirini ni 150. Yaani mji wa kwanza unakuongezea 12 juu ya ile 10 anayopewa hata asiyewasha chochote, na mji wa ishirini unakuongezea 2. Kupanuka kunalipa kidogo zaidi kila hatua, huku gharama ya kujenga ikipanda kutoka 10 hadi 15 hadi 20 kwa nyumba, bila kuhesabu waya wa kuunganisha. Asiyeliona jedwali hilo mapema hujenga kwa sifa.

Makosa yanayoharibu Power Grid ni yale yale kila mahali. La kwanza, kujaza soko la nishati kwa kiwango kisicho sahihi: jedwali hubadilika kwa idadi ya wachezaji na kwa hatua ya mchezo, hivyo mpeni mtu mmoja kazi hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, asibadilishwe. La pili, kusahau kwamba mtambo unabeba akiba ya mara mbili tu ya unachohitaji na kwa nishati yake tu. Mtu akilimbikiza urani asiyo na mtambo wake, mrudisheni. La tatu, mwisho wa mchezo. Mkiwa wanne, mtu akifikisha miji 17 mchezo unaisha raundi hiyo, lakini mshindi ni anayewasha miji mingi zaidi, siyo aliyejenga mingi. Kila kundi jipya lina mtu atakayejenga 17 akiwa na mitambo ya kuwasha 14. Mwambieni kabla, msimwambie baada.

Kinachokera ni pesa. Matoleo mengi yana noti za karatasi, na noti za karatasi chini ya pangaboi, au kwenye varanda ya Shangani upepo wa bahari ukianza jioni, haziwezekani. Nunueni chipu za poka (siyo zile za kula na kachumbari). Seti ya kawaida ya chipu 300 inatosha michezo yote iliyotajwa hapa, na inabadilisha mwendo wa mchezo kuliko nyongeza yoyote ya kulipia.

Sasa Brass: Birmingham. Ilitoka mwaka 2018 kwa kampuni ya Roxley, imejengwa juu ya Brass ya Martin Wallace ya 2007, na ndiyo bora kati ya yote hapa. Wachezaji 2 hadi 4. Kitaalamu watatu au wanne, maana wawili ramani inapwaya. Sanduku linasema dakika 60 hadi 120. Kwa wanne wanaojifunza, wekeni saa tatu na nusu.

Mchezo una enzi mbili, ya mifereji na ya reli. Unaanza na pauni 17 na kadi 8. Kila zamu unafanya vitendo viwili, isipokuwa raundi ya kwanza kabisa ambapo ni kimoja, na kila kitendo kinakula kadi. Vitendo ni sita: kujenga kiwanda, kuweka njia, kuendeleza viwanda, kuuza, kukopa, na kutafuta kadi za jumla (zinazofaa mji wowote au kiwanda chochote). Mkiwa wanne kuna raundi 8 kwa enzi, watatu 9, wawili 10. Hakuna nyingine. Mtu anayecheza zamu zake kama vile mchezo utaendelea hadi alfajiri ameshapoteza.

Kiini chake ni kwamba mali yako inakufaa pale wengine wanapoitumia. Ukijenga mgodi wa makaa, unaweka kigae chake na vibao vya makaa hukaa juu yake. Yeyote aliyeunganishwa nao anachukua bure, na akichukua cha mwisho kigae chako kinageuzwa, kipato chako kinapanda na pointi zinathibitika. Mpinzani amekula makaa yako na ndiye aliyekutajirisha. Anayejaribu kubana mgodi wake usiguswe hajauelewa mchezo. Kazi ni kujenga pale ambapo mwenzako atalazimika kupita.

Hapa ndipo meza nyingi hukosea, kwa sababu bidhaa tatu zina sheria tatu. Makaa lazima yafike kwa njia: unachukua kwenye mgodi ulio karibu zaidi uliounganishwa, na kama hakuna, unanunua sokoni, ila tu kama umeunganishwa na mfanyabiashara pembeni mwa ramani. Chuma hakihitaji njia yoyote. Kinatoka kiwanda chochote, popote. Bia iko katikati: ya kwako unaitumia popote ilipo, ya mwenzako lazima uwe umeunganishwa nayo, na ya mfanyabiashara unaipata tu unapomuuzia yeye. Andikeni sentensi hizo tatu kwenye karatasi moja kwa Kiswahili na kuiweka katikati ya meza. Nusu ya ubishi wa usiku wa kwanza utakwisha.

Mkopo ni pauni 30, na kipato chako kinashuka ngazi tatu. Ngazi, siyo vituo. Kwenye njia ya kipato ngazi moja ya juu ina vituo kadhaa, na anayerudi vituo vitatu tu amejisamehe deni. Wageni huogopa mkopo kwa sababu nzuri: huku kila mtu anamjua aliyeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi, kabla ya msimu kwa sababu ya shida ya siku mbili. Lakini kwenye Brass mkopo wa mapema ni mbolea. Kipato kikiwa bado chini, ngazi tatu ni vituo vichache na utavirudisha haraka. Wa enzi ya pili, kipato kikiwa juu, ndio unaouma. Asiyekopa hata mara moja kwa kawaida humaliza wa mwisho akiwa na heshima zake.

Enzi ya mifereji ikiisha, njia zote zinahesabiwa pointi na kuondolewa, na viwanda vyote vya ngazi ya kwanza vinatoka ubaoni. Hili huwaumiza watu kuliko sheria nyingine yoyote, na halipaswi kuwashangaza watu wa kusini. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, karanga zikashindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Bandari yenye kina kirefu, iliyojengwa kwa ajili ya mpango ule ule, ipo hadi leo. Ndivyo Brass ilivyo: jiulize kipi kitabaki. Tumia kitendo cha kuendeleza, kinachokula chuma, kuondoa vigae vya ngazi ya kwanza kwenye ubao wako mapema ili ujenge vya ngazi ya pili kabla enzi haijaisha. Hivyo vinahesabiwa mara mbili.

Reli moja ni pauni 5 na kibao kimoja cha makaa. Reli mbili kwa kitendo kimoja ni pauni 15, makaa mawili na bia moja. Wengi huona 15 ni ghali wakaacha. Kumbe kinachouzwa pale si reli, ni kitendo. Mwenye viwanda vya bia enzi ya pili anatandika ramani nzima wenzake wakihesabu chenji.

Lawama ziko mbili. Ubao wake ni mzuri wa kutazamwa lakini una giza. Una upande wa mchana na wa usiku, sheria ni zile zile, na kwa taa za kawaida za sebuleni upande wa usiku hausomeki. Umeme ukikatika mkahamia taa ya kuchaji, hata wa mchana unasumbua. Ya pili ni toleo la deluxe lenye chipu nzito za Iron Clays. Ni nzuri mno, na kwa sababu ya uzito wake unazilipia mara mbili: dukani na kwenye usafirishaji. Toleo la kawaida pamoja na zile chipu 300 linafanya kazi ile ile.

Mchezo wa tatu, 1830, ni wa watu wa aina fulani. Francis Tresham aliitoa mwaka 1986, na michezo mingi ya hisa na reli inayoitwa kwa miaka imetokana naye. Wachezaji hawamiliki reli, wanamiliki hisa za kampuni za reli. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenyekiti, na anaamua gawio lilipwe au libaki kwenye kampuni. Bahati haimo kabisa. Treni huzeeka: ya kwanza ya namba 4 ikinunuliwa, treni zote za namba 2 zinakufa, ya 6 inaua za 3, dizeli, ya dola 1,100, inaua za 4. Kampuni ikibaki bila treni, mwenyekiti hutoa pesa mfukoni mwake mwenyewe. Na hapo ndipo uovu wake ulipo. Mtu huinyonya kampuni, huiacha na treni iliyo mlangoni mwa kaburi, huuza hisa zake, na kama wewe una asilimia 20, uenyekiti unaangukia kwako pamoja na bili. Kufilisika kunawezekana na kunamaliza mchezo.

Saa nne hadi sita. Meza yenye mtu anayenuna haiwezi. Kabla ya kutoa hata shilingi, nendeni 18xx.games, tovuti ya bure, mcheze 1889, ndugu yake mdogo wa ramani ya Shikoku, kisiwa cha Japani, kwa zamu za siku kadhaa kupitia simu. Kompyuta inafanya hesabu zote. Kama baada ya michezo miwili bado mnasalimiana, agizeni.

Food Chain Magnate ya kampuni ya Splotter, 2015, ni ya biashara ya vyakula na ina makali ya ajabu, lakini unaweza kuipoteza kwenye raundi mbili za kwanza na kukaa saa tatu ukitazama. Ni ghali kuliko Brass, vipande vyake ni vya kawaida tu, na kadi za wafanyakazi zina maandishi. Si ya kwanza kununua, wala ya pili. Splotter hao hao wana The Great Zimbabwe ya 2012, fupi zaidi na safi, na kuicheza Lindi kuna utamu wake: dhahabu ya nchi ile ndiyo iliyopita Kilwa Kisiwani wakati wa fahari yake. Mchezo wenyewe hauitaji Kilwa.

Mkishanunua, adui ni hewa. Unyevu wa pwani hukunja ubao na kadi kuanzia masika ya kwanza. Wekeni vipakiti vya silika vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vitano au sita, na mvibadilishe. Kadi zivalishwe mifuko ya plastiki. Zipimeni kwa rula kabla ya kuagiza mifuko, saizi zinatofautiana. Boksi lilale chali, siyo kusimama, na lisikae sakafuni, kwa sababu mchwa hawajali lilikotoka. Ubao uliokunjika ukandamizeni chini ya vitabu vizito usiku mzima, msiuanike juani.

Agizeni watu wanne kwa pamoja, laki na kitu kila mmoja, boksi moja, na mkubaliane kabla nani anakaa nalo. Msiagize liwafikie wakati wa mvua kubwa; Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, hakuna mzigo wa basi uliopita. Likifika, lifungueni mbele ya mleta mzigo na mhesabu. Power Grid iwe na vibao 84 vya nishati, yaani 24 vya makaa, 24 vya mafuta, 24 vya taka na 12 vya urani, na nyumba 132, 22 kwa kila rangi. Kadi za mitambo ni 42, na ya 43 ni ile ya hatua ya tatu, ambayo hupotea mara nyingi zaidi kwa sababu haifanani na nyingine na watu huitupa wakidhani ni tangazo.